Uso wa Pembeni Kulia

Ukunda,
21 Julai 2025

Mama mdogo Khamisa,

Shikamoo. Assalamu alaikum. Barua hii naitia mkononi mwa Swabir wa ofisi ya basi, naye ameahidi kuwa itafika Lamu kabla ya Ijumaa, ikiwa dereva hataisahau chini ya kiti kama ile ya Mei. Naomba iwakute wewe na baba mdogo Zahoro mkiwa wazima. Kwetu Kibuyuni wote hawajambo. Mvua ilinyesha siku tisa ikaozesha mwani uliokuwa umeanikwa, na mama alipoulizwa na wenzake atavuna nini mwaka huu, akajibu, "Harufu." Ndiyo mizaha yake siku hizi.

Habari kubwa huenda umeshaisikia. Dada Mwanakombo anaolewa na Mahir wa Majoreni. Nikaha ni Ijumaa, tarehe 15 Agosti, na kupamba, bi harusi aonwe na wanawake, ni siku ya pili yake, alasiri, uani kwetu.

Mimi bado niko kwa Mercy, kwenye studio ya picha. Tangu nimalize shule nimekuwa hapa, na kazi yangu ni moja tu: picha za wanawake. Unajua watu wetu. Hawataki picha za kupamba zipite mikononi mwa mwanamume. Basi Mercy hupiga, nami huzirekebisha peke yangu kwenye chumba cha nyuma, kilichofungwa kwa pazia. Nyuma ya chumba hicho ndipo ninapolala. Jumapili Mercy akienda kanisani sisemi neno na mtu mpaka Jumatatu.

Skrini yetu ya zamani iliungua. Katana, muuza kompyuta, ametuletea nyingine tuijaribu. Mercy anaiita ya glosi, kama zilivyo karatasi za picha. Glosi ni ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, na mati ni ile iliyofifia, isiyomeremeta. Hii ya glosi ni nzuri, mama mdogo. Hina inaonekana mbichi, na dhahabu unadhani utaigusa. Tena mimi hukaa nimeupa mlango mgongo, na mtu akisogeza pazia namwona ndani ya skrini kabla hajanena, nafunika picha. Juzi Katana alishangaa. "We Nusra, una macho kisogoni?" Nikacheka tu.

Lakini mchana dirisha lote huingia mle ndani. Penye rangi nyeusi, na picha zetu zimejaa mabuibui, sioni nguo, naona chumba. Droo ya meza imevunjika na imetokeza, kiti hakikai katikati, kwa hiyo nakaa upande mmoja na uso wangu hutokea pale pale, pembeni kulia, katika kila picha. Nimekuwa mgeni asiyealikwa kwenye harusi za watu. Ikifika alasiri macho yananitoka machozi.

Ningekupigia, lakini simu tuliyo nayo ni ya mama, iko naye Kibuyuni, na mimi kwenye simu maneno hunikauka, wajua. Mama hajui kwamba tunaandikiana. Jina lako likitajwa, yeye huinuka kwenda kutazama moto, hata kama hakuna moto.

Je, utakuja harusini?

Mwanao,
Nusra


Lamu,
31 Julai 2025

Mwanangu Nusra,

Marahaba. Wa alaikum salaam. Barua yako imefika na alama ya kiatu juu yake, lakini imefika. Sisi hatujambo. Zahoro anakohoa kidogo na anataka kila mtu ajue. Mimi nashona kofia kama kawaida. Nimepata kazi ya kofia nane za msikiti mmoja na sina nafasi ya kujikuna.

Mambo ya skrini siyajui, ila mng'ao naujua. Kitambaa cheupe ukikishona juani, baada ya saa moja hulioni tundu, unaliona jua tu. Mteja huipenda kofia ikiwa inang'aa, na mshonaji huipenda ikiwa kivulini. Wewe si mteja, mwanangu, wewe ndiye mshonaji. Unayekaa na kitu tangu asubuhi hadi jioni usikichague kwa namna kinavyopendeza kwa mara ya kwanza. Mwambie Mercy akuombee hiyo ya mati angalau uijaribu. Na kama unaogopa anayeingia nyuma yako, funga njuga kwenye pazia.

Uso wako usiuchukie. Watu walikuwa wakisema mimi na wewe tumeazimana uso mmoja. Nilipokuwa nikikubeba kwenda soko la Msambweni waliniita mama yako, na dada yangu, mama yako mwenyewe, alikuwa akinuna njia nzima.

Harusini sitakuja. Nilipofika Kibuyuni mwaka juzi, bibi yako akiwa na siku tatu kaburini, dada alisimama mlangoni akaniambia mbele ya watu, "Hukumzika mama, basi na kwenye furaha yangu usinijie." Hajaniita tangu siku hiyo, nami siendi nisipoitwa. Usiniulize zaidi.

Mpe Mwanakombo mkono wangu bila kumwambia ni wa nani.

Mama yako mdogo,
Khamisa


Ukunda,
26 Agosti 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Harusi imekwisha salama, alhamdulillahi. Mwanakombo yuko Majoreni, na nyumba yetu imekuwa na mwangwi. Mama analala mapema sana. Nilikaa naye siku nne kisha nikarudi kazini, na alipokuwa akinisindikiza alinifunga kanga vizuri kana kwamba ni mimi niliyeolewa.

Nikusimulie ya kupamba. Uani palijaa mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Mimi sikukaa na wasichana wenzangu. Wao walikuwa wakicheza, nami sijui mikono niiweke wapi watu wakinitazama, nikaenda jikoni kugawa sahani. Walikuja pia wale wa kuchungulia, wasioalikwa, wamejifunika gubigubi wakasimama mlangoni, kama ilivyo desturi. Mama akaniambia, "Wapelekee nao. Asiyealikwa ana tumbo vilevile." Nikawapelekea pilau. Wengine walikula kwa kupitisha mkono chini ya ushungi, wakichekana. Mmoja aliikataa sahani kwa kiganja, hakusema neno. Nikadhani labda hapendi pilau.

Sasa nina picha mia sita na arobaini za harusi ya dada yangu mwenyewe, na chumba kizima ni mimi na hizo picha. Nawaona wote wakicheka bila sauti. Kuna moja ya mama na Mwanakombo ambayo ni nzuri kuliko zote. Upande wake wa kulia ni mlango na giza, na uso wangu wa kwenye kioo kama kawaida. Nikaukata upande huo. Mercy alipoiona karatasi ya majaribio akapiga yowe. "Nusra! Umekata kiwiko cha mama yako! Mwenye harusi akatwe mkono?" Sikukiona kiwiko, amevaa buibui na kilizama kwenye weusi. Amesema niirudie kutoka ile picha ya asili.

Kwa sababu hiyo amemwita Katana alete mati. Italetwa wiki ijayo, nizipange zote mbili mezani, kisha nichague moja. "Wewe ndiye unayekaa nayo, wewe ndiye utakayeamua," Mercy amesema. "Mimi sitaki kusikia macho, macho, kila siku."

Sijawahi kuachiwa kuchagua kitu.

Wako,
Nusra


Lamu,
4 Septemba 2025

Mwanangu Nusra,

Marahaba. Tumshukuru Mungu harusi imepita vyema. Zahoro hakohoi tena. Kofia nane zimekwisha, ingawa nilichelewa siku tatu na msimamizi wa msikiti akaninunia.

Nimeifikiria hiyo habari ya skrini. Naona nilikushauri kwa haraka. Ile ya glosi umeshaizoea, na wateja wako wanapenda rangi. Mati huenda ikawachusha. Usihangaike, baki nayo hiyo hiyo. Machozi ya macho ni ujana, hulali vya kutosha.

Na picha ya dada na Mwanakombo ulifanya vizuri kuikata. Anayetazama picha ile anataka kumwona dada akimtia mwanawe kikuba cha asumini, hataki kuona mlango. Acha kiwiko, nani anatazama kiwiko. Hizo za pembeni na za mlangoni si huwa mnazifuta? Zifuteni.

Nina kazi nyingi mwezi huu. Nikichelewa kuandika usione ajabu.

Khamisa


Ukunda,
13 Septemba 2025

Mama mdogo Khamisa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama amefunga kamba mpya za mwani na anasema bahari imetulia. Mwanakombo amekuja mara moja, amenenepa, na anasema "sisi wa Majoreni" kama aliyezaliwa huko.

Nitaandika polepole ili nisikosee.

Mati ililetwa Jumanne. Katana aliziweka zote mbili kando kwa kando, picha moja kwenye skrini mbili. Mwanzoni nilihuzunika. Kwenye mati hina ilikuwa hina tu, na dhahabu ilikuwa kama imepitiwa na pumzi ya mtu. Katana akasema, "Hii haikudanganyi, lakini haikubembelezi." Akaenda zake, akaniambia atarudi Jumatatu tarehe 22 kuchukua moja.

Nikakaa kwenye mati nikaifungua picha ile ya asili, ili nirudishe kiwiko. Saa sita mchana, dirisha wazi. Buibui la mama lilikuwa na mikunjo na mshono wa fedha kwenye mkono, vitu ambavyo sikuwahi kuviona hata siku moja. Kiwiko kilikuwepo. Na pembeni kulia, mlangoni, uso wangu ulikuwepo.

Nikafikiri, hata hii inaakisi. Nikasogea kushoto nione itafika wapi. Uso haukusogea. Nikainuka kabisa kwenye kiti. Uso ulibaki ukimtazama mama.

Una ushungi mkononi, umeuinua mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nikikutazama wiki nzima nikidhani ni mimi.

Barua yako ya mwisho nimeisoma tena. Kikuba sikukutajia. Na yule aliyekataa sahani, mkono wake ulikuwa na alama za sindano kwenye kidole cha shahada. Niliziona, sikuzifikiri. Nilisimama mbele yako na sahani ya pilau, mama mdogo, nikasema "Karibu, bibi," kama kwa mgeni. Ulinyamaza ili nisikujue kwa sauti?

Sijamwambia mtu. Mercy hajui. Lakini albamu lazima ichapwe mwisho wa mwezi ujao, na kabla ya kuchapwa mama yake bi harusi huja kuzitazama picha zote na kukubali. Mama atakuja Jumamosi, tarehe 4 Oktoba. Picha hii ndiyo nzuri kuliko zote. Nikikata giza nakukata wewe. Nikiliacha, mama atakuona, na huenda akaharibikiwa furaha aliyokukataza usimjie. Niambie nifanye nini.

Na kuna jambo jingine. Ulisema nisikuulize. Mimi maisha yangu yote sijauliza mtu kitu, hata shuleni nilipokuwa sielewi nilinyamaza. Naona na mama hakukuuliza. Basi nauliza mimi, kwa adabu: siku anazikwa bibi, ulikuwa wapi?

Nusra


Lamu,
30 Septemba 2025

Mwanangu,

Nimeandika barua hii mara tatu na mbili nimezitia motoni.

Bibi yako alikuwa akitunga vikuba vya harusi zote za Kibuyuni. Nilitaka kuona nani atamtia Mwanakombo, na kama asumini itakuwa imefungwa kwa uzi mwekundu kama wake. Ndiyo maana niliinua ushungi. Ilikuwa imefungwa kwa uzi mwekundu. Kamera ikamulika, nami nikaondoka. Nililala Likoni kwa rafiki, nikarudi Lamu kesho yake, Zahoro akanikuta nashona na viatu miguuni.

Ulipokuja na sahani niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitakuita jina lako.

Umeniuliza, nami nakujibu. Siku mama anazikwa nilikuwa nimelazwa hospitali. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, mtoto hakupona. Hamkujua kwa kuwa sikuwa nimewaambia; nilingoja nije nayo mbele ya mama, nimfurahishe. Nilipofika siku ya tatu nilikuwa siwezi kusimama, na dada akaanza kusema. Nikajiambia, akiniuliza nitamwambia. Hakuuliza. Siku ya pili nikajiambia hivyo hivyo. Sasa ni mwaka wa pili.

Usimwambie. Msiba wangu sitaki uwe fimbo ya kumpiga dada. Na kwenye picha nikate. Iwe ni picha yao wawili. Aliyekuja bila kuitwa hana haki ya kukaa kwenye albamu.

Khamisa


Ukunda,
9 Oktoba 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 30 imenifikia juzi. Swabir anasema gari liliharibikia Witu na vifurushi vikalala huko. Kwa hiyo uliyoniomba niliyapata nikiwa nimeshatenda. Unisamehe, au usinisamehe, lakini nitakueleza kama yalivyokuwa.

Katana alirudi Jumatatu ile na nikamwambia achukue glosi. Sikueleza sababu, nilisema macho. Ameniletea njuga ya mbuzi nifunge kwenye pazia, maana nilimwambia ulivyonishauri, akacheka hadi akakaa chini. Siku za kwanza chumba kilikuwa kitupu mno. Sikujua kwamba nilikuwa nimeuzoea ule uso wangu. Kwenye mati hakuna mtu ila waliopigwa picha.

Jumamosi mama alikuja. Alitoka Kibuyuni alfajiri, na vidole vyake vilikuwa bado vyeupe kwa chumvi. Mercy akamwambia, "Karibu Mama Mwanakombo, keti hapa kwenye kiti cha msanii," akatuletea chai, akatuacha. Mama hajawahi kukaa kwangu kazini. Alizitazama picha moja moja kama anayechagua samaki. "Huyu kafumba macho. Huyu nani kamwalika? Hii nzuri. Hii hapana, tumbo."

Picha yako ilikuwa ya mia mbili na kumi na mbili. Nilingoja barua yako mpaka asubuhi ya siku hiyo, nilikwenda hata ofisi ya basi. Ningeweza kuipitisha haraka. Ilipofika niliutoa mkono wangu kwenye kipanya, nikauweka mapajani.

Alijitazama yeye kwanza. Kisha Mwanakombo. Kisha akasogeza uso karibu.

"Huyu ni wewe?"

"Hapana, mama. Mimi nilikuwa jikoni nikigawa sahani."

Nilidhani atainuka kwenda kutazama moto, na hapa hakuna moto. Akachukua ncha ya kanga yake akaipangusa skrini pale pembeni, taratibu, kama kuna vumbi. Hakukuwa na vumbi. Akapangusa tena.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Alikula?"

Sikuweza kusema uongo. Nikamwambia, "Hakula, mama. Sahani nilimpelekea mimi mwenyewe, akaikataa."

"Mtu ametoka Lamu," akasema. "Amefika kwangu. Siku ya harusi. Na ameondoka na njaa." Akarudia, "Na njaa." Sauti yake haikuwa ya hasira. Mimi sauti ile sijawahi kuisikia kwake, ila siku ya bibi.

Nikamwambia kwamba huwa nakuandikia. Akasema anajua, harufu ya barua za Lamu ni ya udi, na mimi nikija nyumbani huzificha chini ya unga. Akanywa chai ikiwa imeshapoa. Alipokuwa mlangoni, njuga ikilia, akageuka: "Picha hiyo isikatwe. Na umwandikie umuulize kwa nini hakula. Mwambie ni mimi ninayeuliza."

Ya barua yako sijamwambia. Nimeisoma mara moja nikaifunga. Hayo ni yako ya kusema, na wa kuambiwa ameshauliza.

Mwanao,
Nusra


Lamu,
16 Oktoba 2025

Mwanangu Nusra,

Marahaba. Hatujambo.

Mwambie dada kwamba sikula kwa sababu kula nyumbani kwake kunataka uso wazi. Basi la Jumamosi ya tarehe 25 hufika Ukunda saa kumi alasiri. Nitapitia kwako kwanza, unioneshe hiyo skrini, kisha twende Kibuyuni pamoja.

Mwambie asipike vingi.

Khamisa